Nani Aliyekuambia? Simu na Habari Mjini Garissa

Sisi watu wa Pwani tukikutana njiani huulizana, "Habari gani?" na kabla mtu hajamaliza kujibu "njema" kila mmoja amekwisha mpa mwenziwe mgongo. Mjini Garissa mambo si hivyo. Msomali akikwambia "iska warran" amekutaka ujieleze, na neno lenyewe limetokana na "war", yaani habari. Basi ukae kitako. Utaulizwa mvua umeiacha wapi, mifugo uliyoikuta njiani ina hali gani, na mbuzi anauzwaje huko utokako. Tena kila utakalosema litafuatwa na swali la pili: umeliona mwenyewe au umeambiwa? Na kama umeambiwa, na nani?

Swali hilo la pili ndilo lililonikamata mimi, na nitakueleza, ndugu msomaji, jinsi lilivyonikamata, ingawa kisa chenyewe hakinipi sifa.

Niliondoka Mombasa alfajiri kwa basi, kwenda kumtazama rafiki wa marehemu baba yangu. Ni mzee aliyekuwa mchuuzi wa ng'ombe, na zamani akija Mombasa na mifugo yake alikuwa akifikia kwetu. Tukapita Malindi, tukapita Garsen, na tulipoivuka Hola gurudumu la nyuma likapasuka. Jua lilikuwa la kuchoma. Abiria wakajitupa chini ya migunga, wengine wamelala kifudifudi na vilemba usoni. Mimi nikatoa simu, nikapiga picha, nikaipeleka katika kikundi cha WhatsApp cha jamaa zetu, watu wapatao sitini, wengine wako Muscat na wengine London. Chini yake nikaandika kwa mzaha: "Leo tumekwisha." Kisha mtandao ukapotea, nami nikaizima simu isije ikaniishia moto.

Niliiwasha tena Garissa, baada ya sala ya Isha, ikatetemeka mkononi kama mtu mwenye homa. Picha yangu ilikuwa imetoka kikundini mwetu ikaingia katika vikundi nisivyovijua. Mzaha wangu ulikuwa umeng'olewa, na mahali pake pamewekwa sauti ya mwanamume anayesema kwa huzuni kwamba basi la Garissa limeshambuliwa, na hao waliolala ndio waliouawa. Mwenye sauti hiyo simjui mpaka leo. Dada yangu mkubwa, ambaye ana maradhi ya shinikizo la damu, alikuwa amepelekwa hospitali. Majirani walikuwa wamekwisha kusanyika barazani kwetu, na mmoja wao, Mungu amsamehe, alikuwa akiulizia habari ya matanga.

Mzee wangu alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza:

"Picha hiyo amepiga nani, adeer?"

"Adeer" kwa Kisomali ni ami, na mkubwa humwita mdogo kwa jina lilo hilo, kwa mapenzi.

"Nimepiga mimi, mzee."

"Na sauti?"

"Sijui ni ya nani."

"Basi mmelizwa na mtu asiye na jina," akasema, akaagiza chai ya maziwa ya ngamia.

Usiku ule hatukulala mapema. Alinieleza juu ya kazi iitwayo "sahan". Kabla ukoo haujahamisha ngamia wake, hutuma mtu mmoja au wawili watangulie kutazama malisho na maji. Mtu huyo akirudi na kusema kuwa mvua imenyesha mahali fulani, wazee, watoto wachanga na mali yote hulifuata neno lake siku nyingi nyikani. Akiwa amesema uwongo, au ameona vibaya, watakaokufa kwa kiu ni jamaa zake mwenyewe. Kwa hiyo, mzee alisema, kazi hii hapewi msemaji hodari. Hupewa mtu anayejulikana kwa kusema alichokiona na kunyamazia asichokiona.

Siku hizi malisho hutazamwa katika simu. Mtu huletewa picha ya majani mabichi na jina la mahali, naye akafungasha. Katika ukame ule mkubwa, mvua za misimu mitano mfululizo zilipokosekana tangu mwishoni mwa 2020 hadi 2022, mpwa wa mzee huyu aliifuata picha ya namna hiyo. Alitembea siku tatu akakuta vumbi. Picha ilikuwa ya kweli na mahali palikuwa ni hapo hapo, ila ilipigwa mwaka mwingine. Alirudi na nusu ya mbuzi wake.

Isije ikafikiriwa kwamba mzee huyu anaichukia simu. Anazo mbili. Bei za soko la mifugo la Garissa huzipata kabla hajavaa viatu, na mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalipokata barabara ya Madogo, ni simu iliyomwambia asimtoe mtu nyumbani. Wasomali ni watu wa sauti. Lugha yao haikupata maandishi rasmi mpaka mwaka 1972, tena huko Somalia. Watoto wa Garissa walisomeshwa kwa Kiswahili na Kiingereza. Kwa hiyo habari, shairi na hata ugomvi vilisafiri kwa mdomo, na zilipokuja kanda za kaseti vikasafiri kwa kanda. Mwaka 1979 mshairi Gaarriye alianzisha mlolongo wa mashairi ulioitwa Deelley. Washairi kadhaa wakajibizana, na watu wakapokezana kanda hizo mkono kwa mkono. Kambi za Dadaab zilipofunguliwa mwaka 1991 kukawa na redio ya mawasiliano, ambayo wao waliiita "taar". Mtu alizungumza na nduguye aliye mbali huku kila aliyefungua masafa yale akisikia mambo ya nyumba yake. Anayerekodi sauti leo katika WhatsApp anafanya lile lile walilofanya wazee wake. Tofauti ni kwamba kanda ililetwa na mtu, akala chakula chako, ukamwuliza amepewa na nani.

Sisi tuliosoma madrasa tungepaswa kuijua hesabu hii. Wanazuoni wa hadithi hawakupokea maneno matupu. Walitaka majina ya wapokezi, mmoja baada ya mmoja, na hali ya kila mmoja wao. Na Sura ya Hujurat imetuagiza tuichunguze habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Yote hayo niliyasoma utotoni, na yote hayo hayakunizuia kuipeleka picha ile.

Lakini nilipoanza kuilaani simu mbele yake, mzee alinikatiza. Akaniuliza kama mwaka 1980 nilisikia lolote la Garissa. Nikasema sikusikia. Novemba mwaka ule, baada ya watumishi wa serikali kuuawa mjini, askari waliuchoma moto mtaa wa Bulla Kartasi, na wakazi wakakusanywa katika kiwanja cha shule ya msingi siku kadhaa. Mkoa wote ulikuwa chini ya amri za hali ya hatari, zilizowekwa mwaka 1963 na kuondolewa mwaka 1991. Februari 1984 ikaja Wagalla, katika uwanja wa ndege karibu na Wajir. Serikali ilisema waliokufa ni 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya 2013, ilikadiria karibu 1,000. Mimi nilikuwa kijana Mombasa, nasoma gazeti kila siku, na sikujua kitu. Mzee alikuwa na habari zote, tena za kuona kwa macho, na hakuwa na pa kuzipeleka.

Akanionyesha kwa kidole upande kiliko chuo kikuu. Alfajiri ya Alhamisi tarehe 2 Aprili 2015, wauaji walipoingia humo, wanafunzi waliwaandikia wazazi wao wakiwa chini ya vitanda, na ulimwengu ukajua kabla ya adhuhuri. Waliouawa walikuwa 148. Hesabu iliyotangazwa kwanza ilikuwa 147, na Wakenya wakaandika katika Twitter kwamba 147 si namba tu. Wakaweka majina, nyuso na masomo ya marehemu, kwa kuona vibaya watoto wale wapite kama hesabu. Wa Wagalla hawakupata jambo hilo kwa miaka mingi. Kweli, simu zizo hizo zilitembeza picha za maiti, na hilo mimi siliwezi kulitetea. Lakini mtu aliyenyamazishwa miaka thelathini hawezi kuambiwa na mimi kwamba kunyamaza ni bora. Hata sasa Al-Shabaab wanapolipua minara ya simu katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, kama walivyofanya mara nyingi, wanakijiji hukosa hata pa kuitia gari la wagonjwa.

Asubuhi nilirekodi sauti yangu. Nilitaja jina langu na la baba yangu, mahali nilipo, saa niliyoipiga picha, na kwamba basi lilipasuka gurudumu tu na abiria wote wamefika salama. Mzee alinitaka niirudie, kwa sababu mara ya kwanza nilisahau kutaja siku. Dada alitoka hospitali jioni yake, na hakunisemesha kwa wiki mbili.

Sauti ile sina hakika imefika wapi. Picha najua. Miezi mitatu baadaye nililetewa na binamu yangu aliyeko Muscat: abiria wale wale, migunga ile ile, na chini imeandikwa kwamba ni barabara ya Mandera, jana. Aliniuliza kama kuna mtu wetu aliyesafiri.