UGANDA: KUTULIZA MAUMIVU NI ELIMU

Mgonjwa wa saratani aweza kukosa tiba ya kumponya, lakini haimpasi kulia kwa maumivu usiku kucha. Mofini, dawa ya kutuliza maumivu makali, si ghali. Ni unga unaochanganywa na maji na kutiwa rangi ili nguvu zake zisikosewe, na mgonjwa huinywa nyumbani kwake. Kinachokosekana mara nyingi ni elimu ya yule anayeiandika.

Ndugu zetu wa Uganda walilitambua jambo hili. Mwaka 1993 Dkt. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala, na tangu mwanzo kufundisha madaktari na wauguzi kulikwenda pamoja na kuhudumia wagonjwa.

Hufundishwa nini? Kwanza, kumwamini mgonjwa na kupima maumivu yake. Hata asiyejua kusoma hujibu kwa mkono: ngumi maana yake hakuna maumivu, vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika. Pili, ngazi tatu zilizotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1986: aspirini au paracetamol kwa maumivu madogo, kodeini kwa ya kati, mofini kwa makali. Tatu, kufuata saa: mofini ya maji hutolewa kila baada ya saa 4, bila kungoja maumivu yarudi. Nne, kuondoa hofu. Madaktari wengi huogopa kwamba mgonjwa atakuwa mtumwa wa dawa, au pumzi itakatika. Kipimo kikianza kidogo na kuongezwa kwa uangalifu, mambo hayo ni nadra. Tatizo la kawaida ni kufunga choo, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo huandikwa pamoja.

Baadaye sheria nayo ilibadilishwa. Zamani idhini ya kuandika mofini ilikuwa ya madaktari, wakiwamo wa meno na hata wa mifugo. Muuguzi hakuwa nayo. Mwaka 2004 Uganda iliwaruhusu wauguzi na matabibu waliohitimu mafunzo maalumu, ili dawa imfikie mgonjwa wa kijijini ambako daktari ni adimu.

Hapo pana funzo kwa vyama vya wafanyakazi. Tunapodai dawa hospitalini, tudai pia somo hili katika vyuo vya udaktari na mafunzo ya kazini. Naye muuguzi anayeongezewa wajibu huo atambuliwe kwa cheti na kwa mshahara.