Umebadilisha pedi za breki na diski inalika upande mmoja? Angalia mambo haya

Je, umebadilisha pedi za breki, zile ambazo mafundi wengi wa Bujumbura huziita plakete, na baada ya muda mfupi usukani unatetemeka au gari linavuta upande mmoja? Usikimbilie kununua pedi nyingine. Ikiwa chanzo hakijatengenezwa, nazo zitaharibika vilevile.

Maelezo haya ni kwa madereva na kwa vijana wanaojifunza ufundi katika gereji za Buyenzi na kwingineko, wakimbizi na wenyeji.

Kwa nini ni muhimu hapa kwetu

Bujumbura iko takribani mita 780 juu ya usawa wa bahari. Bugarama, kwenye barabara ya RN1, iko zaidi ya mita 2,000. Anayeshuka kutoka huko anatumia breki kwa muda mrefu, na barabarani kuna waendesha baiskeli wenye mizigo na watembea kwa miguu. Breki inayoshika upande mmoja hupata moto kupita kiasi na inaweza kukosa nguvu kwenye kona.

Breki inavyofanya kazi

Katika magari mengi madogo, pistoni husukuma pedi ya ndani. Kisha kalipa nzima huteleza kwenye pini zake na kuivuta pedi ya nje. Diski inabanwa pande zote mbili kwa nguvu sawa. Kitu kimoja kikigoma, usawa huo unapotea.

Jinsi ya kutafuta chanzo

Egesha gari mahali tambarare, zuia magurudumu kwa mawe, na usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

1. Linganisha joto. Baada ya safari fupi, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Gurudumu lenye joto kuliko mwenzake huenda breki yake haiachii.

2. Linganisha pedi. Ya ndani ikiwa nyembamba sana kuliko ya nje, angalia pini na pistoni. Pini zisafishwe na kupakwa grisi ya breki inayostahimili joto. Grisi isiguse pedi wala diski.

3. Zungusha gurudumu. Liinue, kanyaga breki, kisha achia. Likibaki limebanwa, fundi afungue kidogo skrubu ya kutolea hewa. Likiachia hapo, presha ilikuwa imenaswa, na mara nyingi ni mpira wa mafuta ya breki ulioziba ndani. Lisipoachia, tatizo ni pistoni au pini. Baadaye hewa itolewe na mafuta yaongezwe.

4. Angalia diski ilipokaa. Kutu au uchafu kati ya diski na kitovu cha gurudumu huifanya izunguke ikiyumba, na usukani hutetemeka. Safisha kwa brashi ya chuma. Nati za gurudumu zikazwe kwa kupishana, kwa nguvu sawa.

5. Pima unene. Unene wa chini kabisa mara nyingi umeandikwa kwenye diski yenyewe. Ikiwa imepungua chini ya hapo, au ina nyufa, isichongwe, ibadilishwe.

Baada ya matengenezo

Pedi na diski hubadilishwa kwa magurudumu yote mawili ya ekseli moja, hata kama upande mmoja bado unaonekana mzuri. Kabla ya kuondoka, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Mara ya kwanza inaweza kuzama hadi chini. Kisha, mahali pasipo na watu, punguza mwendo taratibu mara kadhaa ili pedi zizoeane na diski. Mlimani, shuka kwa gia ndogo.

Na kabla ya kulipa, omba uoneshwe pedi zote nne zilizotolewa. Zikiwa hazijalika sawa, muulize fundi sababu ni nini, na usikubali gari litoke gereji kabla sababu hiyo haijatengenezwa.