Diodi ya redio mbovu inaweza kupima joto la frigo ya chanjo

Umeme ukikatika, watu wa kituo cha afya wanaogopa chanjo zisipate joto. Ni kweli, lakini baridi nayo inaharibu. Chanjo nyingi zinatakiwa kukaa kati ya digrii 2 na 8. Ile ya pepopunda ao ya hepatiti B ikiganda, imekwisha, hata kama ukiiangalia unaona ni nzima.

Fundi wa redio anaweza kusaidia. Diodi ya 1N4148, kale kadude kadogo ka kioo, inabakisha karibu volti 0,6 umeme ukipita ndani yake. Joto likipanda digrii moja, hiyo volti inashuka karibu milivolti 2. Inashuka, haipandi, wengi wanachanganya hapo. Unaunga diodi na rezistansi ya kiloomu 10 kwenye betri ya volti 9, halafu unasoma kwa multimeta. Waya zifunikwe vizuri, maji yasiingie.

Sasa uipatie alama. Vunja barafu, tia maji kidogo, koroga, zamisha diodi, ngoja dakika chache: hiyo namba ni sifuri. Alama ya pili ni maji yanayochemka. Hapa Bukavu usiandike 100! Tuko karibu mita 1.500 juu ya bahari, kwetu maji yanachemka karibu digrii 95. Ukiandika 100, kitu cha digrii 38 kitasomeka 40.

Adui mwingine ni betri. Ikichoka kutoka volti 9 hadi 7, kipimo kitasema joto limepanda digrii kadhaa, kumbe hakuna kilichobadilika. Mtu anaongeza baridi ya frigo, na chanjo zinaganda. Juu ya ile, mimi naona afadhali kuongeza kidude cha 78L05 kinachoshikilia volti 5, halafu kurudia barafu na maji ya moto.

Kuna pia LM35, yenye kutoa milivolti 10 kwa kila digrii. Ni rahisi sana, ila kwa betri moja, vile inaungwa kawaida, haisomi vizuri chini ya digrii 2. Na sisi ni pale ndipo tunataka kuona.

Kipima joto rasmi cha kituo kisitolewe. Hiki kinakaa pembeni yake, waya inapita kwenye mpira wa mlango, na mlinzi wa usiku anasoma bila kufungua frigo.