Taswira za Safari za Kisasa katika Picha za Chapa ya Mbao za Japani, Karne ya 20

Utangulizi

Barabara ya Tokaido, iliyounganisha Edo na Kyoto, ilimpa Hiroshige mfululizo wake mashuhuri wa vituo 53 katika miaka ya 1830. Wasafiri wake huenda kwa miguu, kwa farasi au kwa machela. Reli ya Tokyo na Yokohama ilifunguliwa mwaka 1872, na kufikia 1889 treni ilifika Kobe. Makala haya yanafafanua namna mabadiliko hayo yalivyopokewa katika picha zilizochongwa ubaoni na kuchapwa kwa mkono.

Mikondo miwili

Mkondo wa shin-hanga, yaani chapa mpya, uliongozwa na mchapishaji Watanabe Shozaburo, aliyewaunganisha mchoraji, mchongaji na mpigachapa. Mchoraji wake mkuu wa mandhari, Kawase Hasui, alizunguka nchi akichora. Mifululizo yake mitatu ya 1919 hadi 1929 iliitwa Zawadi za Safari. Hata hivyo, reli huonekana kwa nadra. Kinachotawala ni mashua, theluji, mahekalu na mpita njia mwenye mwavuli. Soko linachangia kueleza jambo hili: wanunuzi wengi walikuwa wageni, na maonyesho makubwa yalifanyika Toledo, Marekani, mwaka 1930 na 1936. Aliyeitamani Japani ya kale aliuziwa Japani ya kale.

Katika sosaku-hanga, yaani chapa bunifu, mchoraji alichonga na kuchapa mwenyewe. Baada ya tetemeko la ardhi la 1923 kuiangamiza sehemu kubwa ya Tokyo, wasanii wanane, akiwemo Onchi Koshiro, walitoa picha 100 za Tokyo mpya kati ya 1928 na 1932. Humo Maekawa Senpan alichora reli ya chini ya ardhi, iliyoanza kutumika mwishoni mwa 1927. Safari hapa ni shughuli ya kila siku ya mkazi wa jiji.

Hitimisho

Mpaka kati ya mikondo hii si ukuta. Mwaka 1953, serikali ilipotaka kuhifadhi kumbukumbu za ufundi wa chapa, Hasui alichora theluji katika hekalu la Zojoji. Mbele ya lango wamesimama watu wakisubiri tramu. Kwa mtafiti, picha hizi ni ushahidi wa kilichochaguliwa kuonyeshwa, si wa yote yaliyokuwepo. Kwa mshauri wa sera za utalii na urithi, funzo ni kwamba taswira iliyotengenezwa kumridhisha mgeni huweza kumfuta mwenyeji katika mandhari yake mwenyewe.