Kuchora Moja kwa Moja Kwenye Skrini ya Linux

Picha iliyo kwenye skrini ya kompyuta ni namba zilizohifadhiwa mahali fulani kwenye kumbukumbu. Eneo hilo la kumbukumbu huitwa bafa ya fremu. Kila nukta ya skrini, yaani pikseli, ina nafasi yake humo, na namba iliyomo ndiyo rangi yake. Mashine huisoma bafa yote kutoka juu hadi chini, kwa kawaida mara 60 kila sekunde, na kuipeleka kwenye skrini. Namba ikibadilika, picha nayo hubadilika.

Wazo hili lina umri. Mwaka 1973, katika maabara ya Xerox PARC huko California, Richard Shoup alitengeneza SuperPaint, mashine ya kuchorea iliyokuwa na bafa ya pikseli 640 kwa 480, kila pikseli ikiwa na biti 8. Hizo ni baiti 307,200, na wakati ule zilihitaji shehena ya vifaa. Skrini ya leo ya pikseli 1920 kwa 1080, yenye biti 32 kwa pikseli, inataka baiti 8,294,400, na hakuna anayeshtuka.

Mifumo ya jamii ya Unix ina desturi ya kukifanya karibu kila kifaa kionekane kama faili, na Linux iliifuata desturi hiyo hata kwa skrini: bafa ya kwanza ni faili la /dev/fb0, ya pili ni /dev/fb1. Utaratibu huu ulianzia kwenye Linux ya mashine za Atari na Amiga, ambazo hazikuwa na hali ya maandishi matupu kama ile ya kompyuta za PC, hivyo hata herufi ya kawaida ililazimika kuchorwa pikseli kwa pikseli. Baadaye ukahamia kwenye mashine nyingine.

Kwa kuwa ni faili, hata amri za kawaida huifanyia kazi. Mtu aliye kwenye konsoli ya maandishi akiandika cat /dev/urandom > /dev/fb0, skrini hujaa vumbi la rangi, kisha amri husimama ikilalamika kwamba nafasi imekwisha, kwa sababu bafa imejaa. Akiandika cp /dev/fb0 picha.raw, anakuwa ameipiga skrini picha. Kwa kawaida ruhusa hiyo anayo msimamizi wa mfumo au mtumiaji aliyeingizwa kwenye kundi la video. Jaribio hilo lifanyike kwenye konsoli, si ndani ya dirisha la eneo-kazi, maana programu inayosimamia madirisha mara nyingi hutumia bafa yake nyingine na mchoro hautaonekana.

Programu ya lugha ya C huanza kwa kulifungua faili hilo kwa open, kisha huuliza maswali mawili kwa ioctl. Swali la FBIOGET_VSCREENINFO hurudisha upana na urefu wa skrini, idadi ya biti kwa pikseli na mahali kila rangi inapokaa ndani ya pikseli. Swali la FBIOGET_FSCREENINFO hurudisha ukubwa wa kumbukumbu yote, yaani smem_len, na urefu wa kila mstari kwa baiti, yaani line_length. Baada ya hapo wito wa mmap, wenye alama ya MAP_SHARED, huiweka bafa ndani ya anwani za programu yenyewe. Kuanzia hapo kuchora ni kuandika kwenye safu ya kawaida ya kumbukumbu.

Nafasi ya pikseli hupatikana kwa hesabu fupi: y mara line_length, jumlisha x mara idadi ya baiti za pikseli moja. Wanaoanza wengi hujikwaa hapa. Hudhani urefu wa mstari ni upana wa skrini mara baiti za pikseli, na kwenye skrini nyingi dhana hiyo hukubali, mpaka siku inapokataa. Tuseme skrini ina upana wa pikseli 1366 za baiti 4. Hesabu ya kichwani inatoa baiti 5464, lakini kiendeshi kinaweza kuujazia kila mstari hadi 5504 ili ugawanyike kwa 64. Baiti 40 zinazobaki ni pikseli 10, na kila mstari mpya huteleza kwenda kushoto kwa kiasi hicho. Mstari uliokusudiwa kusimama wima hulala, na picha nzima hupinda kama mkeka uliovutwa pembe moja. Dawa yake ni kuiuliza mashine na kulitumia jibu lake.

Rangi nazo zataka uangalifu uleule. Kwenye biti 32, mpangilio wa kawaida huweka bluu katika baiti ya kwanza, kisha kijani, kisha nyekundu, na ya nne huachwa. Skrini ndogo zinazounganishwa kwenye vifaa kama Raspberry Pi mara nyingi hutumia biti 16: tano za nyekundu, sita za kijani, tano za bluu. Rangi ya chungwa yenye nyekundu 255, kijani 165 na bluu 0 hubanwa kuwa 31, 41 na 0, na zikiunganishwa hupatikana 64800.

Picha inayotembea huleta tatizo la kuchanika: mashine inasoma bafa wakati programu bado inaandika, hivyo nusu ya juu huonyesha fremu moja na ya chini nyingine. Kiendeshi kikiruhusu, programu huomba bafa yenye urefu maradufu, huchora kwenye nusu isiyoonekana, kisha hubadilisha nusu kwa FBIOPAN_DISPLAY. Kisiporuhusu, huchorwa kwenye kumbukumbu ya kawaida na kunakiliwa kwa mkupuo mmoja.

Konsoli yenyewe nayo huingilia, kwa kuandika herufi na kielekezi chake kinachopepesa juu ya mchoro. Hunyamazishwa kwa KDSETMODE yenye thamani ya KD_GRAPHICS, na programu inapomaliza lazima irudishe KD_TEXT. Ikifa kabla ya hapo, mtumiaji hubaki na skrini isiyoonyesha anachoandika, na mara nyingi njia rahisi ya kujinasua ni kuingia kwa ssh kutoka mashine nyingine.

Tangu Linux 2.6.29 ya mwaka 2009, kazi ya kupanga skrini imekuwa ikihamia kwenye mfumo wa DRM, wenye faili zake ndani ya /dev/dri, na mwaka 2015 ilitangazwa kwamba viendeshi vipya vya mtindo wa zamani havitapokelewa. Kwenye mashine nyingi za sasa /dev/fb0 ni sura ya kuigiza tu juu ya DRM. Kwa hiyo anayetaka kuelewa pikseli inavyofika kwenye skrini aanze na /dev/fb0, kwani kurasa mbili za C zinamtosha. Anayetengeneza kifaa cha kuuza leo aandikie DRM.