Saa za ukutani za Marekani na njia yake hadi Zanzibar

Saa ya ukutani ya Marekani ilipata sura yake mwaka 1802, Simon Willard wa Roxbury, Massachusetts, alipopewa hataza ya saa fupi ya kutundika. Kabla ya hapo saa ya fahari ilikuwa kabati refu kumzidi mtu. Willard alipunguza mitambo, na bado saa ilikwenda siku nane kwa kutiwa ufunguo mara moja. Umbo lake ni kama gambusi lililogeuzwa kichwa chini: uso wa mviringo juu, shingo nyembamba, kisanduku chini. Uzuri wenyewe hasa umo katika vioo vya shingo na kisanduku, vilivyochorwa kwa nyuma kwa rangi na dhahabu. Lemuel Curtis wa Concord alizidisha urembo huo kwa kisanduku cha mviringo chenye kioo kilichobinuka. Wengi huona kwamba hakuna saa ya Marekani ya enzi ile iliyoipita saa hiyo ya Curtis kwa uzuri.

Saa hizo zilikuwa za matajiri. Eli Terry wa Connecticut ndiye aliyeshusha bei ya saa: kwa mkataba mmoja wa mwanzoni mwa karne ya 19 alitengeneza mitambo 4,000 ya mbao kwa mashine zilizoendeshwa na maji. Ila mbao huvimba kwa unyevu wa bahari. Mwishoni mwa miaka ya 1830 Chauncey Jerome alianza kutumia mabamba ya shaba ya manjano, na mwaka 1842 saa zake zikavuka bahari hadi Uingereza.

Zanzibar nayo ilikuwa na mlango wazi kwa bidhaa za Marekani. Mtawala wake, Sayyid Said, aliingia mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na mwaka 1837 Richard Waters wa Salem, Massachusetts, akawa konseli wa Marekani huko. Meli za Salem zilichukua pembe za ndovu na sandarusi, zikaleta kitambaa cha merikani, baruti, viti na saa. Saa zilipamba majumba ya mjini. Salme, binti wa Sayyid Said, katika kumbukumbu zake zilizochapwa mwaka 1886, anaeleza kuta zenye zidaka, vioo na saa nyingi za kila namna katika nyumba moja.

Mwenye saa ya zamani yenye kioo kilichochorwa asiusugue upande wa nyuma wa kioo chake kwa maji wala sabuni. Rangi imepakwa huko, na ikibanduka hairudi.