Hasira Inatoka Wapi?

Kaa bombani asubuhi moja tu utasikia watu wakibishana. Huyu anasema, "Mtoto yule ni mkali kama baba yake, ni damu hiyo." Yule anajibu, "Hapana, ni vita ilimharibu." Nani anasema kweli? Kila mmoja ameshika kipande.

Tuanze na mwili. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo inayoitwa amigdala. Kazi yake ni kupiga kengele ya hatari. Ikilia, homoni ya adrenalini inamwagika kwenye damu: moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, mtu yuko tayari kupigana au kukimbia. Siyo ubaya huo, wengi wetu uliwaokoa njiani. Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso ndiyo inasema, "Ngoja kwanza." Lakini hiyo inakomaa polepole, mpaka mtu apite miaka 20. Ndiyo maana kijana wa miaka 15 ana moto mwingi na breki kidogo.

Kwa mtu aliyeona mabaya, kengele inaweza kuendelea kulia hata hatari ikiisha. Akisukumwa kidogo kwenye foleni ya mgao, anarusha ngumi. Njaa, kukosa usingizi na pombe vinazidisha.

Lakini mwili siyo yote. Mwaka 1961, huko Marekani, mtaalamu wa saikolojia Albert Bandura alifanya jaribio na watoto 72 wa chekechea. Baadhi yao walimwona mtu mzima akimpiga mdoli mkubwa kwa nyundo, na maneno makali juu. Baadaye walipopewa mdoli kama yule, wengi waliiga vilevile, hata maneno. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Waliona tu.

Basi mtoto akimpiga mwenzake, nawe ukamchapa huku ukisema "Usipige!", atashika neno lako au mkono wako?

Na wale wanaosema kabila fulani lina damu ya vita, wajue kwamba mwaka 1986 wanasayansi wa nchi mbalimbali walikutana Seville, Hispania, wakatamka kuwa si kweli kisayansi kusema binadamu tumeumbwa kwa ajili ya vita.

Tufanye nini nyumbani?

- Hasira ikipanda, toka nje, vuta pumzi polepole. Zungumza moyo ukishatulia.
- Mpe mtoto maneno: "Umekasirika kwa sababu amekunyang'anya mpira?" Anayeweza kusema hana haja kubwa ya kupiga.
- Mtoto anayeota ndoto mbaya, anayekojoa kitandani ghafla au kupigana kila siku, mpeleke mapema kituo cha afya au kwa washauri wa jamii. Siyo aibu, na siyo wazimu.

Jioni hii, jadilini pamoja: hapa kwetu, mtu akikasirika, watoto wanaona nini?